Kadi ya Dola: Shilingi Zako Zinabadilishwa Wapi? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya malipo ya kadi, kutoka mashine ya muuzaji hadi benki yake, kupitia mtandao wa Visa au Mastercard, mpaka benki iliyotoa kadi. Leo tuliangalie swali linalozaliwa na safari hiyo. Je, Mtanzania anayelipwa mshahara kwa shilingi, anayetaka kulipia masomo ya mtandaoni, hoteli ya Dubai au mzigo wa Guangzhou, anahitaji kadi ya dola? Jibu la mitaani ni ndiyo, tena bila kusita: manunuzi ya nje ni kazi ya dola, na mwenye kadi ya shilingi atakatwa hadi akome. Mimi naona jibu hilo linasoma maandishi yaliyo juu ya kadi na kusahau mahali fedha zinapobadilishwa. Kama kipato chako ni cha shilingi, hapana budi shilingi hizo zigeuzwe dola mahali fulani, na atakayezigeuza atachukua chake. Kadi ya dola haiondoi gharama hiyo. Inaihamisha tu, kutoka siku ya kununua hadi siku ya kuweka fedha kwenye akaunti.

Tuchukue hesabu ya mfano, kwa viwango vya kukadiria ambavyo msomaji anaweza kuviondoa na kuweka vya benki yake. Tuseme benki inanunua dola kwa shilingi 2,440 na kuiuza kwa 2,500. Anayetaka kulipa dola 500 kwa kadi ya dola atazinunua kwanza kaunta, zimgharimu shilingi 1,250,000. Mwenye kadi ya shilingi atabadilishiwa kwa kiwango cha mtandao wa kadi, tuseme 2,470, kisha benki yake iongeze asilimia 3. Jumla itafika 1,272,050. Hadi hapo kadi ya dola imeshinda kwa shilingi 22,050, na ndipo watetezi wake huishia. Lakini akaunti ya dola nayo ina ada yake. Ikiwa ni dola 2 kwa mwezi, mwaka mzima ni dola 24, yaani shilingi 60,000. Ukipiga hesabu utaona kwamba ni lazima mtu atumie zaidi ya dola 1,360 kwa mwaka ndipo aanze kuokoa chochote. Na hapa tumeifanyia kadi ya dola upendeleo, kwa kudhani kwamba yenyewe haikatwi kitu wakati wa kulipa. Zipo benki zinazotoza malipo yoyote yanayokwenda kwa muuzaji wa nchi nyingine, hata kama sarafu ni ileile, kwa sababu tozo hiyo inafuata mpaka wa nchi. Asilimia 1 tu ya namna hiyo ingeshusha akiba yetu ya 22,050 hadi 9,550. Halafu kuna masalio. Dola 100 zilizobaki, mwenyewe akitaka kuzirudisha kuwa shilingi, zitanunuliwa kwa 2,440, na shilingi 6,000 zimekwenda bila kununua hata soksi.

Kuna pingamizi moja zito. Wengi hawaitaki kadi ya dola kwa ajili ya tozo. Wanaitaka kwa sababu shilingi huporomoka, na mwenye dola zake kwenye akaunti hulala usingizi. Hofu hiyo ina historia, wala si ya kuchekwa. Kizazi kilichopita hakikuruhusiwa kushika fedha za kigeni kwa hiari yake. Ni Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliyofungua milango ya maduka ya kubadilishia fedha na ya akaunti za kigeni kwa wananchi wa kawaida. Mtu aliyeona sarafu yake ikishushwa thamani miaka ya 1980, kutoka shilingi zisizofika 20 kwa dola hadi zaidi ya 50 katika mwaka mmoja wa 1986, ana haki ya kutoisahau siku hiyo. Hata hivyo, kujikinga na kuporomoka kwa sarafu ni jambo moja, na kulipia manunuzi ni jingine. Aliyejaza akaunti yake ya dola katikati ya mwaka 2024, shilingi ilipokuwa karibu na 2,700, alijikuta mwishoni mwa mwaka huohuo dola ikiuzwa chini ya 2,500. Hakuna aliyemdhulumu. Alicheza mchezo wa kubashiri, akaambiwa ni huduma ya kadi. Mzazi mwenye ada ya chuo ya mwezi wa Septemba iliyopangwa kwa dola anaweza kununua dola zake kidogo kidogo tangu Januari, na kwake hiyo ni busara, maana deni lake ni la dola na tarehe yake inajulikana. Asiye na deni la dola anakinga nini?

Pingamizi la pili ni kwamba kadi za shilingi hukataliwa kwenye mitandao ya nje. Hukataliwa kweli, ila mara nyingi sarafu haihusiki kabisa. Mtandao wa kadi umeundwa ili mlipaji na mlipwaji wasihitaji kuwa na fedha za aina moja. Kubadilisha ndiyo kazi yake. Kadi hukwama kwa sababu benki imefunga manunuzi ya mtandaoni mpaka mteja aombe yafunguliwe, au namba ya uthibitisho imetumwa kwenye laini ya simu iliyoachwa zamani, au muuzaji anadai anwani ya mtaa na namba ya posta ambayo benki haikuiandika. Wako pia wauzaji wanaosoma tarakimu za mwanzo za kadi, wakajua benki na nchi iliyoitoa, wakaikataa kwa kuogopa utapeli. Huyo wa mwisho ataikataa kadi ya dola ya benki ya Dar es Salaam kama alivyoikataa ya shilingi, kwa kuwa tarakimu hizo zinataja benki ileile na nchi ileile. Majirani zetu wametupa ushahidi mzuri. Mwaka 2022 Safaricom na Visa walileta M-PESA GlobalPay, kadi isiyo na plastiki inayochota shilingi za Kenya moja kwa moja kutoka kwenye simu na kulipa wauzaji wa nje. Mkenya anayeitumia hana akaunti ya dola, wala muuzaji hajui kama fedha zilianzia kwenye simu.

Jambo ambalo watetezi wa kadi ya dola huligusa kwa nadra ni kwamba dunia haitumii dola dukani. Mfanyabiashara wa Kariakoo akifika Dubai anakuta bei ziko kwa dirhamu. Hapo hana hasara kubwa, kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, lakini ubadilishaji wa pili umeshatokea na benki yake inaweza kuutoza. Guangzhou ni habari nyingine. Huko bei ni za yuani, maduka madogo ya jumla hayana haja na kadi ya kuchanja, na mgeni analazimika kuiunganisha kadi yake na Alipay au WeChat, ambazo hutoza asilimia 3 kwa malipo yanayozidi yuani 200. Mtu huyo amenunua dola kwa shilingi, kisha yuani kwa dola, na kila mlango una mlinzi wake. Kisha kuna mtego unaovaa sura ya ukarimu: mashine ya hotelini humuuliza mgeni kama angependa kulipa kwa sarafu ya nyumbani badala ya ya pale. Mwenye kadi ya shilingi huona shilingi zake, mwenye ya dola huona dola zake, naye hufurahi kujua kiasi kamili papo hapo. Kiwango hicho hakitoki kwa Visa wala kwa benki ya mteja. Kimepangwa na upande wa muuzaji, ambao umejiongezea faida ndani yake. Anayetetea chaguo hilo husema walau unajua unachokatwa. Ni kweli, unakijua, na kwa kawaida ni kikubwa kuliko ambacho ungekatwa bila kukijua. Popote ulipo, chagua sarafu ya pale.

Basi kadi ya dola ni ya nani? Ni ya mtu ambaye dola zinamjia zikiwa dola: mtengeneza programu wa Mwanza anayelipwa na kampuni ya Marekani, baharia, muuza kahawa nje. Huyo akizigeuza shilingi kisha akazigeuza tena dola kulipia vifaa vyake, anapoteza mara mbili, na kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti ya dola inamkinga kwa haki kabisa. Wa pili ni yule mzazi wa ada, na mfanyabiashara anayezidi kwa mbali zile dola 1,360 kwa mwaka. Hawa nao wajue inakotakiwa kutumika. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi, kwa hiyo kadi ya dola ikichanjwa Mlimani City, au ikitoa fedha kwenye mashine ya ATM ya Arusha, inauza dola kwa bei ya kununulia ya benki, ile ya chini. Hoteli na wakodisha magari nao huzuia kiasi cha dhamana kwenye akaunti kwa siku kadhaa baada ya mgeni kuondoka, na akaunti iliyowekwa dola za kutosha bili peke yake itakataa malipo yanayofuata. Anayekwenda kuifungua abebe kitambulisho chake cha NIDA na uthibitisho wa chanzo cha fedha, na kabla ya kusaini aombe orodha ya tozo iliyochapishwa. Aulize ada ya mwezi, asilimia inayokatwa kwa malipo ya nchi nyingine hata yakiwa ya dola, na kiwango ambacho benki itamuuzia dola za kujaza akaunti siku hiyo. Hicho cha tatu hakimo kwenye orodha. Kimeandikwa kwenye ubao wa viwango ukutani, nacho hubadilika kila asubuhi.