"Ni kosa langu": wazo lenye kufunga wamama wa Kivu

Huku kwetu, mtu akisema anaenda kuonana na psikologu, jirani anauliza mara moja: "Kumbe umeanza wazimu?" Tumezoea kufikiri kama homa iko na dawa yake, huzuni iko na maombi yake, basi. Lakini kuko kazi moja ilifanyika hapa Kivu, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake katika jarida kubwa la waganga, New England Journal of Medicine. Tunaona haifai isahauliwe.

Ilihusu wamama waliotendewa ubakaji, katika vijiji 15. Katika vijiji 7, wamama 157 walitunzwa kwa vikundi, kwa njia yenye kutoka katika psikolojia ya kognitivu, maana yake ile yenye kuangalia namna mtu anafikiri. Katika vijiji 8, wamama 248 walisaidiwa mmoja mmoja, kwa kusikilizwa na kutiwa moyo.

Njia yenyewe ilitoka mbali. Katika miaka ya 1960, kule Philadelphia, dokta Aaron Beck aliona kama wagonjwa wa huzuni wako na mawazo yenye kuja yenyewe, mbio mbio: "Sifai kitu", "Hakuna mtu ananipenda." Akasema si jambo peke yake lenye kuumiza, ni pia vile mtu anajiambia juu ya jambo lile. Nyuma yake Patricia Resick, wa Marekani pia, akatengeneza matunzo kwa ajili ya wamama waliobakwa.

Tuchukue mfano. Mama anaenda shambani, anakutana na watu wa bunduki. Miaka inapita, lakini kichwani kunabaki neno moja: "Ni kosa langu, singepita njia ile." Wazo hilo njo linamufungia mlango: haendi tena soko, anaepuka watu, hata bwana yake. Mwenye kumtunza hamuambie "Sahau, mama, mwachie Mungu" (sisi wote tumekwisha kusema vile, tukifikiri tunafariji). Anamuuliza: Njia ingine ilikuwako? Siku ile ulijua kama wako pale? Watoto wangekula nini kama haungeenda kulima? Na mwenye bunduki, yeye hana kosa? Polepole mama mwenyewe anaanza kuona kosa ni la nani.

Wengi kati yao hawakusoma, na matunzo haya kule Marekani yanaomba kuandika makaratasi mengi. Basi mazoezi yakarahisishwa, wamama wakayashika kichwani. Walikutana mara 12: mara moja peke yao, mara 11 kwa kikundi. Wenye kuongoza hawakuwa madokta, walikuwa wasaidizi Wakongomani, wenye kusoma angalau miaka 4 nyuma ya masomo ya msingi, walifundishwa na kusimamiwa.

Miezi 6 nyuma ya matunzo, katika vikundi ni wamama 9 tu kwa 100 walikuwa bado na alama za huzuni kubwa ao wasiwasi mkali. Kwa wenye kusaidiwa mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa 100. Hata jeraha la moyo lenye kuachwa na vita lilipungua karibu vile vile.

Hatusemi kama maswali yanamaliza vita. Kuko mawazo yenye si ya uongo: mama wa Kivu akisema "barabara ile ni ya hatari", ni kweli tupu, hakuna haja ya kumbishia. Msaidizi anapashwa kujua kutenga yale mawili, hatari yenye iko na kosa lenye haliko. Ile ni kazi ngumu, yenye kuchokesha, na wale wanaoifanya nao wanaishi katika vita hii hii. Sasa tunauliza wakubwa wa afya: mradi ukiisha na wageni wakirudi kwao, msaidizi wa kijijini analipwa na nani?