Polisi Kata na Swali la Uraia

Kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, iko mbali na mpaka wowote, lakini suala la wahamiaji haramu haliko mbali nayo. Pale Tinde, wilaya hiyohiyo, barabara kuu hukata kwenda Isaka na Kahama, hadi Rusumo upande wa Rwanda na Kabanga upande wa Burundi. Machimbo ya Kahama na Geita nayo huvuta wachimbaji wadogo, wachuuzi na mama lishe kutoka kila upande. Mgeni akiingia kijijini, wa kwanza kumjua si ofisa uhamiaji. Ni mwenyekiti wa kitongoji, sungusungu na polisi kata.

Kisheria, kazi ya kuwashughulikia wahamiaji haramu ni ya Idara ya Uhamiaji. Hata hivyo Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inamruhusu pia askari polisi kumkamata anayemshuku kuwapo nchini kinyume cha sheria. Kumshuku mtu na kuamua uraia wake ni mambo mawili. Hilo la pili linataka vyeti, mafaili na mahojiano kuhusu wazazi na mahali walikozaliwa. Askari wa doria hana nyenzo hizo.

Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ilionyesha hatari ya kuchanganya mambo hayo mawili. Mwezi Julai, akiwa Biharamulo, Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki mbili kwa wasio na vibali kuondoka. Septemba polisi, wanajeshi na maofisa uhamiaji waliingia vijijini Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti ndoa zilizotenganishwa, na watu walioishi nchini miaka mingi kujikuta ng'ambo ya mpaka bila ng'ombe wala shamba.

Lafudhi nayo haiwezi kuamua uraia wa mtu. Wahangaza wa Ngara, Watanzania tangu mababu, huzungumza lugha inayokaribiana mno na Kirundi. Waha wa Kigoma vilevile. Tena wako zaidi ya 162,000 waliotokana na wakimbizi wa Burundi wa 1972, waliopewa uraia wa Tanzania. Kijana wa Ulyankulu au Katumba, makazi ya wakimbizi hao, anayeshuka duarani Geita anaweza kuwa na lafudhi ya Kirundi na cheti halali cha uraia.

Sungusungu, waliozaliwa huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, wanajua nani kahamia lini na kwa nani. Ujuzi huo ni hazina kwa upelelezi, ila chuki ya shamba au deni nayo huweza kumgeuza jirani kuwa "Mrundi" usiku mmoja.

Swali la polisi kufanya kazi za uhamiaji si letu pekee. Marekani iliruhusu mwaka 1996 mikataba ya kuwapa polisi wa mitaa kazi za uhamiaji. Wakuu wa polisi wa miji kadhaa walipinga, kwa hoja kwamba mhamiaji aliyeibiwa ataogopa kituo. Machimboni hoja hiyo ina uzito uleule: aliyeporwa mifuko ya mawe hatatoa taarifa akijua swali la kwanza ni la uraia wake, na jambazi atabaki huru.

Askari akiwa na shaka, amwambie mtu sababu ya kumkamata, amuulize mtendaji, kisha suala la uraia alikabidhi Uhamiaji haraka. Nawe msomaji, kama wanao hawana vyeti vya kuzaliwa, anza kuvishughulikia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wiki hii.