Mark X ya Chini: Je, Inaibeba Sura Yake?

Toyota Mark X ikipita Kitengela, shingo hugeuka. Boneti ndefu, taa zilizochongoka, mgongo ulioinama: sura nzima inatangaza mbio. Mnunuzi anayelitazama toleo la chini, 250G, ana haki ya kuuliza kama ndani yake mna cha kuibeba sura hiyo.

Kwa kiasi kikubwa, mna. Katika kizazi cha pili, kilichotoka viwandani Japani kati ya 2009 na 2019, hata toleo hilo lilipewa injini ya V6 ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 203, na kwa kawaida magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma gari. Linganisha na Subaru Impreza G4 ya lita 1.6. Usoni inashabihiana na WRX S4 yenye turbo na farasi 300, ila chini ya boneti mna farasi 115 tu.

Hata hivyo, hesabu za kiwandani ni za usawa wa bahari. Kitengela na mji wa Kajiado viko zaidi ya mita 1,500 juu yake, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Zile 203 zinabaki kama 170. Kwa safari zinatosha sana. Lakini kati ya Isinya na Kajiado, dereva anapotaka kulipita lori refu la kwenda Namanga huku basi likija mbele, upungufu huo unaweza kugharimu maisha. Kila muuzaji angepaswa kuutaja kabla ya kukabidhi ufunguo.

Mbona basi toleo la juu, 350S yenye farasi 318, ni adimu? Ushuru unachangia: nchini Kenya, injini ya petroli inayozidi cc 3,000, kama yake, hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, ya lita 2.5 asilimia 25.

Kwenye mitaa ya Kitengela isiyo na lami, toleo la chini linawashinda ndugu zake. Rimu zake za inchi 16 huvaa tairi nene zinazostahimili mawe kuliko zile nyembamba za inchi 18. Wanaozibadilisha kwa ajili ya urembo wanajinyima faida hiyo.

Tatizo lake limejificha. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haizioshi vali za kuingiza hewa, na masizi hujijenga. Injini ikitetemeka inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, fundi azikague vali hizo kabla bei haijazungumzwa.