Breki na Beringi za Pikipiki katika Mchanga wa Igalula

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 haikutegemea gurudumu. Mbung'o waliwaua wanyama ambao wangeweza kukokota magari, na hivyo pembe za ndovu, nguo na shanga zilisafiri juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita Igalula. Leo mtu ateremkaye katika stesheni hiyo akitaka kufika kijijini mwake hupanda pikipiki. Gurudumu limeshinda, lakini mchanga ambao wapagazi waliukanyaga ungalipo, nao ni adui mkubwa wa viungo viwili ambavyo maisha ya abiria huvitegemea: breki na beringi.

Tuanze na breki. Chukua pikipiki yenye kilo 120, iliyobeba dereva na abiria wenye jumla ya kilo 140, ikienda kilometa 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, nayo ni jouli 29,250. Ili pikipiki isimame, hapana budi nishati hiyo yote igeuke kuwa kitu kingine, na karibu yote hugeuka kuwa joto. Joto hilo latosha kupasha gramu 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi karibu nyuzi 95. Kasi ikipungua nusu, nishati hubaki robo tu. Mwalimu asiyekuwa na maabara anaweza kulifundisha somo hili kwa pikipiki iliyo uani.

Ndani ya gurudumu la nyuma mna ngoma ya breki, ambayo mafundi huiita drami, na viatu viwili vilivyovishwa utepe mgumu wa msuguano. Ukikanyaga pedali, wenzo huzungusha kipande cha chuma kilichobanwa kati ya viatu, navyo hupanuka na kusugua ngoma. Kiatu kimoja husaidiwa na mzunguko wenyewe, kwani msuguano hukivuta kizidi kubana. Kingine husukumwa nyuma. Ndiyo sababu aghalabu kiatu kimoja huchakaa kabla ya mwenzake. Hata hivyo hubadilishwa vyote viwili pamoja.

Utepe ukibaki chini ya milimita 2, kwa pikipiki nyingi umekwisha. Wapo wanaopachika kipande cha bati kwenye ncha ya kiatu ili kisukumwe mbali zaidi na kitumike mwezi mwingine. Ni akiba ya hatari sana. Utepe hula hadi chuma, na siku moja kipande kile cha kupanua huzunguka kupita kiasi kikanasa, gurudumu likajifunga katikati ya mwendo.

Kabla ya kufungua, weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali pagumu. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Tepe nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake huumiza mapafu na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, nawe huwezi kuitambua kwa macho. Futa kwa kitambaa kibichi. Paka grisi kidogo kwenye mhimili wa kipande cha kupanua, lakini utepe usiguswe nayo. Uliolowa mafuta hutupwa.

Sasa beringi. Wazo la gololi za kupunguza msuguano ni la zamani: Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya ekseli ya gari la kukokotwa yenye gololi mwaka 1794. Gololi hubiringika badala ya kuteleza, na hiyo ndiyo siri yote. Lakini mchanga mweupe wa Tabora kwa sehemu kubwa ni kwatzi, madini magumu yanayoweza kukwaruza hata chuma cha beringi. Mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, au gurudumu likizama katika maji ya masika, punje chache hugeuza njia laini ya gololi kuwa jiwe la kunolea. Shika gurudumu pembeni ulitikise: likicheza, au likizungushwa likakoroma, beringi imekwisha.

Namba iliyochongwa juu yake huongea. Katika 6302, tarakimu mbili za mwisho hutaja tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04 zidisha kwa 5. Herufi 2RS zaonyesha mpira pande zote mbili, na kwa mchanga wetu hiyo ndiyo ya kununua.

Beringi kuukuu hutolewa kwa kugongwa kutoka upande wa pili kwa nondo, kidogo kidogo kuizunguka. Ikishatolewa hivyo hairudishwi, kwa kuwa pigo limepita katika gololi. Ile mpya husukumwa kwa ukingo wake wa nje tu. Beringi kuukuu yafaa kuwa kigongeo. Mwagia kitovu cha gurudumu maji ya moto kwanza. Tundu la alumini la milimita 42, likipashwa nyuzi 70 zaidi, hupanuka karibu sehemu 7 za mia za milimita, na beringi baridi huingia bila ugomvi.

Usisahau bomba dogo linalokaa kati ya beringi mbili. Bila hilo, nati ya ekseli ikikazwa huzibana njia za ndani zielekeane, na beringi mpya hufa kwa joto baada ya safari chache.

Mwisho rudisha ule mkono unaoshikilia bamba la breki kwenye fremu, pamoja na pini yake. Ukiachwa wazi, breki ya kwanza huzungusha bamba zima na kumrusha dereva. Acha pedali icheze sentimita 2 hadi 3, kisha jaribu kwa mwendo wa mtu atembeaye, bila abiria. Baada ya siku chache kaza tena nati ya marekebisho, maana viatu vipya vitakuwa vimejipatia nafasi yake ndani ya ngoma.