HATI YA WAZEE KATIKA SIMU YA VIJANA

Na Mwandishi Wetu

Malalamiko ya wazee wa Amu juu ya simu ni mengi, na baadhi yake ni ya haki. Wanasema simu imewatoa vijana barazani, imewazoesha kukesha, na juu ya yote imewaharibia mwandiko. Lawama hii ya mwisho ndiyo ninayotaka kuijadili leo, kwa sababu naona imekosa shabaha. Chombo hiki kinachosingiziwa kuwa kimeua kalamu kinaweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kukinakili, na kukipeleka Mombasa au Maskati kwa dakika moja, bila ya mtu kumlipa mpiga chapa hata senti. Taipureta haikuweza hayo. Taabu ni kwamba wanaolijua jambo hili ni wachache, na hao wachache nao hawajapatana vipi kuandika.

Tukumbushane kidogo. Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Athumani, uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Msham alimwandikia bintiye utendi wake wa wasia mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Siu ilipata sifa kwa wanazuoni wake na kwa wanakili wa misahafu, ambao kazi zao za karne ya 18 na ya 19 bado zinawashangaza wajuzi. Yote hayo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na herufi ya Kirumi haikuhusika hata chembe.

Kisha ikaja mwaka 1930. Serikali ya Kiingereza iliunda Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili cha skuli, na herufi za Kirumi zikawa ndizo za vitabu na mitihani. Tangu hapo mtoto wa Amu hujifunza kusoma mara mbili. Chuoni husoma alifu, bee, tee, akamaliza juzuu na akahitimu. Skuli husoma a, e, i, o, u. Ni nadra sana kumkuta mwalimu, wa huku au wa kule, anayemwambia kwamba herufi alizozipata kwa maalim zinaweza kuandika maneno anayozungumza na mamake.

HERUFI NDANI YA SIMU

Ni vyema msomaji ajue jambo hili linavyokwenda, maana wengi hudhani kwamba kuandika Kiarabu kwenye simu ni kuchora. Sivyo. Upo mpango wa dunia nzima unaoitwa Unicode, ulioanza kutolewa mwaka 1991, ambao huipa kila herufi ya kila lugha nambari yake. Bee ina nambari yake, iwe mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Simu huhifadhi nambari tu, kisha yenyewe hutazama jirani za herufi na kuchagua umbo linalofaa. Fatha, kasra na dhamma nazo zina nambari zao, kila moja peke yake, na hukaa juu au chini ya herufi iliyozitangulia.

Je, zile sauti zetu ambazo Waarabu hawana? Herufi ya p yenye nukta tatu chini, ch yenye nukta tatu tumboni na v yenye nukta tatu juu, zote zimo katika mpango huo, kwa kuwa Waajemi, Wahindi, Wakurdi na Wamalai walizihitaji kabla yetu. Katika simu nyingi huna haja hata ya kuongeza kitu. Fungua kibodi ya Kiarabu, bonyeza bee na usiondoe kidole upesi. Pe itajitokeza juu yake. Jimu itakupa che, na fee itakupa ve. Ukikosa, ongeza kibodi ya Kiajemi kando ya ile ya Kiarabu, uwe unahama kutoka moja hadi nyingine.

Lipo tatizo la sura za herufi, yaani fonti. Baadhi ya fonti hazijui herufi hizi za ziada na huweka kisanduku kitupu mahali pake. Nyingine huirusha kasra mbali na herufi yake hata msomaji asijue ni ya nani. Kwa anayetumia kompyuta, fonti ya Amiri, iliyofuata sura ya chapa ya zamani ya Bulaq kule Misri, ni nzuri na haiuzwi. Scheherazade nayo ilitengenezwa kwa makusudi ya kuzihudumia lugha nyingi zinazotumia hati hii, na pia hutolewa bure.

Ujumbe mfupi wa kawaida, ule usiotumia intaneti, una hesabu zake. Hubeba herufi 160 za Kirumi, lakini ukitia herufi moja tu ya Kiarabu nafasi hushuka hadi 70. Sasa piga hesabu ya ubeti wa utendi: vipande vinne vya mizani nane ni mizani 32. Kila mizani ni herufi na irabu yake, basi tayari umekwisha tumia 64, hujaweka nafasi baina ya maneno wala herufi za kuvutia sauti. Ubeti wa Mwana Kupona haungeingia katika ujumbe mmoja kwa hati aliyouandikia mwenyewe, ilhali kwa Kirumi ungeingia na nafasi ikabaki. Ni WhatsApp na wenzake, wasiokuwa na mpaka huo, walioondoa kikwazo hiki.

TUPATANE KWANZA

Chombo basi kipo. Kilichobaki ni kikubwa zaidi, nacho si cha mafundi wa kompyuta.

Hati ya zamani iliwategemea wasomaji waliokwisha yajua maneno. Bee ilisimama mahali pa b, pa p, na mara nyingi pa mb vilevile, kwani wanakili wengi hawakuiandika m iliyotangulia. Kasra ilikuwa ni i na pia ni e; dhamma ilikuwa ni u na pia ni o. Mtu akikutana na bee yenye kasra ikifuatwa na bee nyingine yenye kasra, huenda akasoma bibi, pepe au pembe, ikategemea ubeti unazungumzia nini. Bingwa alicheka na kuendelea. Kompyuta haicheki wala haiendelei. Ukiiambia itafute neno “pembe” katika kurasa mia moja, itatafuta nambari zile zile ulizoziandika, na mwandiko wa mwenzako aliyeandika kwa njia nyingine hautaonekana kabisa.

Wapo waliolishughulikia jambo hili zamani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), ambaye mwaka 1930 alianza kutoa gazeti la Sahifa kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, aliona mapema kwamba sauti zetu zinadai alama zao. Baada yake marehemu Mu’allim Yahya Ali Omar, mtu wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo cha SOAS mjini London, aliandika pamoja na Peter Frankl, mwaka 1997, pendekezo kamili la tahajia ambamo e na o zina alama zao wenyewe na kila sauti ya Kiswahili ina mahali pake. Na mtaalamu mmoja wa programu, Kevin Donnelly, ametengeneza programu iitwayo Andika! ambayo hugeuza Kiswahili cha hati ya Kiarabu kuwa cha Kirumi, na cha Kirumi kuwa cha Kiarabu. Programu yenyewe ni ya bure.

Hapo pana jambo la kufikiriwa na walimu wetu wa Amu, Pate, Siu na Faza. Pendekezo la Mu’allim Yahya lilijengwa juu ya Kimvita. Je, latutosha sisi, au lahitaji kuongezwa kwa ajili ya Kiamu, Kisiu na Kitikuu? Mimi sioni aibu kukubali kazi ya Mombasa ikiwa ni nzuri. Aibu ni kukaa bila ya kanuni yoyote, kila mtu akaandika atakavyo, kisha tukasema hati ina ila.

“MOYA” SI “MOYO”

Wako wanaoandika kwa Kirumi na hawana nia ya kubadili, na hao ndio wengi. Kwao simu ina mchezo mwingine. Kiswahili kinachojulikana na kibodi, na mashine za kufasiri, na zile zinazosikiliza sauti na kuiandika, ni Kiswahili sanifu. Mwandike mwenzako neno “moya”, nawe wakusudia moja, simu itakupa “moyo”. Andika “ndia”, “mayi”, “kitwa”, “matozi”, yote yatapigiwa mstari mwekundu kama makosa ya mtoto wa darasa la pili. Mtu mzima asiyejali huuacha usahihishaji ule upite, maana ana haraka. Kijana wa miaka kumi na minne asiyejua huamini kwamba nyanyake husema vibaya.

Hili lanitia hofu kuliko habari ya hati. Kiamu ni lugha ya Al-Inkishafi na ya tendi ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu huzisoma mpaka leo kwa kamusi. Haikuwahi kuhitaji ruhusa.

Dawa ya kwanza ni ndogo. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, zima usahihishaji wa kujiendesha, au uache na uyaingize maneno yako moja moja katika kamusi ya simu yako. Ukifanya hivyo kwa wiki chache, simu itaacha kukusumbua. Dawa ya pili inadai subira. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti wanazopewa. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, kwa mfano, hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi za Kiswahili. Wasipojitokeza watu wa visiwa hivi, mashine haitajua kwamba tupo.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni aliyefariki mwaka 2017, hakungoja aletewe maneno. Alikwenda kuyachimba mwenyewe katika lugha ya wazee: “runinga” ni yake, na kompyuta akaiita “ngamizi”. La kwanza limepata makao katika habari za kila siku. La pili halikubahatika hivyo, na mimi bado naliona tamu kuliko neno tunalolitumia.

SAUTI IMERUDI

Sitaki msomaji adhani kwamba uandishi wa Amu ni wa karatasi tu. Shairi letu huandikwa ili lisomwe kwa sauti, na aliyelitunga mara nyingi humpa mwenye koo nzuri. Katika miaka ya 1970 tungo za Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana zaidi kwa jina la Mau, zilizunguka mjini kwa kanda za kaseti, ukiwemo wasia wake kwa mabanati. Kaseti ilipitishwa nyumba hadi nyumba mpaka utepe ukakwaruza. Mwaka 2023 diwani yake ilichapishwa Uholanzi pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na yeyote aweza kuisoma kwenye intaneti bila malipo.

Leo ujumbe wa sauti wa WhatsApp umechukua kazi ya ile kaseti. Lakini kaseti ilikuwa na karatasi ndani ya kasha lake, yenye jina la mtunzi. Sauti za simu hupokewa na kurushwa tena, na kufika mara ya kumi hakuna ajuaye kalamu ni ya nani. Mtunzi mwenye busara hulitaja jina lake ndani ya beti za mwisho, kama walivyofanya wazee, au husema jina na tarehe kabla ya kuanza kusoma.

MASANDUKU YA NYUMBANI

Miswada ya Msikiti wa Riyadha, ule aliouasisi Habib Swaleh, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kazi hiyo njema iliziwezesha kurasa za Langoni kutazamwa na mtu aliyeko Jakarta. Hata hivyo, Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliishambulia maktaba hiyo, na hazina zake za mtandaoni zikafungika kwa miezi. Nakala iliyo London peke yake si akiba ya kutosha. Nyingine iwe Amu, katika diski, mahali pakavu, na ya tatu kwa mtu mwengine.

Na hiyo ni miswada ya msikiti. Iliyomo katika masanduku ya nyumba zetu haina maktaba inayoilinda. Ina mchwa, chumvi na paa linalovuja. Hapa simu ya kijana, ile ile inayolaumiwa, ina faida kubwa. Mwenye kutaka kupiga picha karatasi za babu yake asitumie taa ya simu, maana humeta juu ya wino. Afungue dirisha asubuhi, alaze kitabu juu ya kitambaa cheusi, na asikunjue mgongo wake kwa nguvu. Apige kila ukurasa mzima, hata ulio mtupu, na aandike jina la mwenye kitabu na siku aliyokipiga. Asikate pembe ya chini. Wanakili wa zamani hawakuweka nambari za kurasa. Chini, upande wa kushoto, waliandika neno moja linaloanza ukurasa unaofuata. Karatasi zikiwa zimefunguka na kuchanganyika, ni neno hilo tu litakalomwambia mjukuu ipi inafuata ipi.