Sura ya 6: Nyenje Nyuma ya Kabati

Umeme wa Dar es Salaam hukatika bila kubisha hodi. Pangaboi huzunguka mara mbili tatu za mwisho kwa uvivu, friji hukoroma na kutulia, redio ya jirani hunyamaza katikati ya tangazo la sabuni. Wenzangu nyumbani hulalamikia joto. Mimi husikia kitu kingine: mlio mwembamba, wa juu, usiopumua, kama nyenje aliyejibana nyuma ya kabati, zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia. Hakuletwa na giza. Alikuwepo tangu asubuhi, ila pangaboi lilikuwa likimfunika.

Nyenje huyu nilimpata mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu. Nililazwa na malaria kali katika hospitali moja ya wilaya, nikatundikiwa dripu ya kwinini kila baada ya saa nane. Siku ya pili sauti za watu zikaanza kunijia kwa mbali, kana kwamba wao wako juu na mimi nimo kisimani. Kisha ukaja mlio. Nilimwambia muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyekuwa akipanga vidonge kwenye sinia. Hakuinua hata macho.

“Kwinini hiyo, mwanangu. Masikio yakianza kulia, ujue dawa imeingia.”

Sentensi ile ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Kwinini ilitengwa kutoka magome ya mti wa mkwinini na wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, mwaka 1820, na tangu hapo karibu kila aliyeimeza kwa dozi ya kutosha amekutana na mambo yale yale: masikio kuziba, mlio, kichwa kuuma, kichefuchefu. Kiwango cha dawa kinachoua vimelea vya malaria kwenye damu kiko karibu sana na kiwango kinacholiza masikio. Ndiyo maana waganga wa zamani waliutumia mlio kama kipimo chao: masikio yakilia, dozi imetosha. Hawakuwa na maabara.

Ndani ya sikio, kwenye kile kiungo kilichojikunja kama konokono, kuna safu za seli zenye vinywele. Zile za nje hurefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu kuufuata mdundo wa sauti inayoingia, na kwa kufanya hivyo huikuza. Kwinini huzilegeza. Dawa ikishatoka mwilini, seli hurudia kazi yake na kwa wagonjwa walio wengi mlio hufifia ndani ya siku chache. Kwangu ulififia, haukuisha. Madaktari wawili walionipima ukubwani hawakuafikiana: mmoja alisema ni malaria yenyewe, mwingine alinyooshea kidole sindano za jentamaisini nilizoongezewa wiki ile ile. Nimeacha kuuliza. Ukishaugua kweli kweli, ukatibiwa na dawa tatu kwa mpigo, kumtafuta mwenye kosa ni kama kutafuta nani alivunja chungu kwenye nyumba yenye watoto saba.

Vijana wa leo hawaujui mlio wa kwinini, na sababu yake ni habari njema. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo hospitali za Tanga na Kilifi. Waliopewa sindano ya atesuneti walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza atesuneti iwe chaguo la kwanza kwa watoto pia. Watoto wengi waliokoka. Na masikio yao yakasalimika, ingawa hilo halikuwa lengo la mtu yeyote.

Sindano za kifua kikuu ni habari nyingine, nzito zaidi. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani. Ilikuwa dawa ya kwanza kukiweza kifua kikuu, na haikuchukua muda kuonekana kwamba baadhi ya waliopona walitoka wodini wakiyumba au wakiwa viziwi. Ndugu zake, yaani kanamaisini, amikasini na hiyo jentamaisini yangu, wana tabia hiyo hiyo. Tofauti na kwinini, hizi hazilegezi seli, zinaziua. Kila sikio la binadamu huzaliwa na seli zenye vinywele 15,000 hivi: za ndani kama 3,500, za nje kama 12,000. Hakuna akiba. Kuku akiharibikiwa na seli hizi huotesha nyingine. Sisi tunaomla kuku hatuna bahati hiyo.

Mauaji hayo huanzia mlangoni mwa konokono, mahali panaposhughulikia sauti nyembamba, kisha huingia ndani taratibu. Kwa hiyo mgonjwa huchelewa kugundua. Ngurumo anaisikia, ngoma anaisikia, mtu akimwita kwa jina anaitika. Anachopoteza ni ncha za maneno, zile herufi zenye upepo: s, f, sh, th. Sokoni anaambiwa sita, yeye anahesabu tisa. Nyumbani wanamwambia siku hizi amekuwa mbishi. Mlio, mara nyingi, ndio hufika kwanza, kabla mtu hajajua kuna kilichopungua, na sauti yake kwa kawaida huangukia pale pale palipobomoka.

Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliotibiwa Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, na kwingineko duniani, walichomwa sindano za kundi hili kwa miezi mingi kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Kuanzia mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianza kuziondoa, nafasi yake ikachukuliwa na vidonge. Lakini jentamaisini bado ipo karibu kila wodi ya watoto wachanga, kwa sababu inaokoa maisha kwa bei ndogo. Ukianza kusikia mlio ukiwa kwenye sindano, mwambie anayekuchoma siku hiyo hiyo, na uombe kupimwa usikivu. Usiache dozi kimya kimya. Bakteria hawana huruma na mtu mwenye masikio mazuri.

Sasa, huyu nyenje anakaa wapi hasa? Jibu la haraka ni sikioni, na mimi niliamini hivyo miaka mingi. Nilikuwa nikijichokonoa kwa kijiti cha pamba kama mtu anayetoa mdudu. Ila kuna jambo lililowashangaza madaktari wa upasuaji. Wapo wagonjwa waliokatwa mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo, kwa sababu ya uvimbe. Sikio likawa halina tena waya. Wengi wao waliendelea kusikia mlio. Basi ikabidi watu waangalie juu zaidi.

Nikukumbushe redio ya mkulima, ile ya betri tatu. Stesheni ikififia jioni, unaongeza sauti. Unaongeza tena. Unachopata si taarifa ya habari, ni mkoromo wa redio yenyewe. Ubongo hufanya jambo linalofanana na hilo. Ukikosa ujumbe kutoka kwenye seli zilizokufa, unaongeza usikivu wake upande ule, na unaanza kusikia msisimko wa mishipa yake ambao kwa kawaida hupuuzwa. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, ndani ya chumba kisichopenyeza sauti, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walitaja sauti fulani: mvumo, mlio, nyuki. Kwa maneno mengine, nyenje yumo kwa karibu kila mtu. Tofauti ni ukubwa wake, na kama umeshamwogopa.

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii, nami nitakaa hapa kidogo. Wataalamu wanaweza kuupima mlio kwa kucheza sauti mashineni hadi mgonjwa aseme hii ndiyo, inalingana na yangu. Kwa wengi, hulingana na sauti iliyo juu kidogo tu ya ile ndogo kabisa wanayoweza kuisikia. Mnong'ono, basi. Na bado kuna mtu anayeishi na mnong'ono huo huku akipika na kuimba, na mwingine mwenye kipimo kile kile ambaye hajalala wiki nzima. Kinachowatofautisha si masikio.

Ubongo una mlinzi. Mama aliyelala kando ya barabara ya Morogoro hapepesi jicho malori yakipita usiku kucha, lakini kichanga akikohoa mara moja, ameketi. Mlinzi hapangi sauti kwa ukubwa, anazipanga kwa hatari. Mlio mpya unaozuka baada ya ugonjwa huja na cheti cha hatari tayari: mtu ametoka kuponea chupuchupu, mwili haujarudi, na kitu kinalia kichwani. Atafikiri ugonjwa umerudi. Atafikiri anapata wazimu. Jirani atamwambia anasengenywa mahali, na hiyo ni nafuu. Mwingine atamwambia karogwa. Kila tafsiri ya namna hiyo inamwamsha mlinzi, mlinzi anasikiliza zaidi, mlio unakua, hofu inapata ushahidi. Usiku wa manane, nyumba ikiwa kimya, duara hilo huzunguka lenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maelezo, na silitumii neno dawa kama mzaha. Kujua kwamba mlio huu ni alama ya jeraha lililokwisha kutokea, wala si king'ora cha jingine linalokuja, kunamvua nyenje ile sare ya hatari. Haifanyi kazi siku moja. Kwangu ilichukua mwaka na zaidi. Pale ambapo maelezo hayatoshi, tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na tabia ndiyo iliyopimwa vizuri kuliko zote. Haipunguzi mlio, inapunguza mateso, na mwenye kuteseka ataniambia kama kuna tofauti kubwa. Vidonge vya kuuondoa mlio wenyewe havijapatikana, hata vile vya majani ya ginko vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi.

Jambo la pili ni kukimbia ukimya. Watu wengi hufanya kinyume: huziba masikio, hujifungia chumbani. Humo ndimo nyenje anamofurahia. Acha pangaboi lizunguke, au weka redio kati ya stesheni mbili, isikike ule mkoromo wake, au mvua iliyorekodiwa kwenye simu. Iwe chini kidogo ya mlio. Ukiuzamisha kabisa, ubongo hauna cha kuzoea. Ukiuchanganya na sauti nyingine isiyo na maana, polepole unauhesabu mlio humo humo kwenye takataka. Aliyepungukiwa usikivu na akapata kifaa cha kusikia hufaidika mara mbili, kwa kuwa stesheni imerudi na hakuna haja ya kuongeza sauti. Huo, kwa maoni yangu, ni msaada unaodharauliwa kuliko yote. Watu huona haya kuvaa kifaa, ilhali miwani wanaiona ni usomi.

Kuhusu vitu vya kumimina, nitasema kwa ukali. Mafuta ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, mkojo: sikio lililotoka kwenye ugonjwa huenda ngoma yake imetoboka, na chochote unachomimina kinaingia kusikotakiwa. Aspirini nyingi nazo huliza masikio, tena hata ya mtu mzima wa afya, ingawa zikisitishwa kwa kawaida mlio huondoka.

Kuna milio isiyopaswa kuzoewa kabla haijachunguzwa. Usikivu ukishuka ghafla, kwa saa au siku mbili tatu, hiyo ni dharura, kwa sababu kuna dawa zinazoweza kusaidia zikitolewa ndani ya siku chache, na siku hizo haziongezwi. Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au ulio upande mmoja tu na unazidi, uende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vivyo hivyo usaha, kizunguzungu kikali, uso kupooza. Mtoto aliyetoka kwenye homa ya uti wa mgongo apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, maana hatakuambia kitu. Atakuwa tu mtoto asiyeitika. Na mtu anayesema mlio unamfanya asitamani kuishi asiambiwe avumilie. Apelekwe leo.

Barazani kwetu kuna mzee anayecheza bao kila alasiri. Alitibiwa kifua kikuu enzi za streptomaisini, akabaki na mlio masikio yote mawili. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya redio kati ya stesheni mbili, kabla sijaisoma popote. Juzi, nikiwa naandika sura hii, nilimuuliza kama bado analisikia lile nyenje lake.

“Shikamoo, babu. Bado linalia?”

“Marahaba.” Mkono wake ulibaki hewani, kete nne kiganjani. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kama mlango umefungwa. “Lipo,” akasema. Kisha akanitazama kwa hasira kidogo. “Tangu asubuhi nilikuwa sijalisikia. Umeniamshia wewe.”

Akarudi kwenye kete zake. Alikuwa amesahau alipofikia kuhesabu.