Njia tulivu za baisikeli Mahoo hufuata mkondo wa maji

MKAZI wa Mombasa apendaye kuendesha baisikeli hana budi kukabiliana na tatizo moja kubwa, nalo ni barabara. Zile zitokazo bandarini zimejaa malori ya makontena, na za mitaani hung'ang'aniwa na matatu, tuktuk na bodaboda.

Kwa mtu kama huyo, njia mojawapo ya kupata utulivu ni kupakia baisikeli garini na kuelekea Kaunti ya Taita Taveta. Voi iko umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, na kutoka hapo hadi Taveta ni kilomita 110 hivi kupitia Mwatate, Bura na Maktau.

Hata hivyo, kufika ni jambo moja na kujua pa kupita ni jingine. Barabara kuu kati ya Mwatate na Taveta, ambayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010, humvutia mgeni kwa ulaini wake. Ulaini huo huo ndio huifanya iwe ya hatari, kwani magari huenda kwa kasi.

Isitoshe, baada ya Maktau barabara hiyo hukatiza Mbuga ya Tsavo Magharibi, makao ya ndovu, nyati na simba. Aliyezoea kuendesha baisikeli katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, asidhani kwamba Tsavo ni sawa na huko. Katika sehemu hii, heri baisikeli ibaki juu ya gari.

Utulivu unaotafutwa huanzia Mahoo, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Taveta. Baada ya nyika kavu ya Tsavo, macho ya msafiri hulakiwa na migomba ya kijani, ingawa eneo lenyewe halipati mvua nyingi.

Siri ni Mlima Kilimanjaro. Maji ya mvua inyeshayo kwenye misitu ya mlima huo huzama katika miamba yake ya volkano, kisha huibuka tena chini kama chemchemi, zikiwemo zile za Njoro. Mto Lumi nao huteremka kupitia Taveta na kumwaga maji yake katika Ziwa Jipe. Wakulima wamechimba mifereji ya kuyaelekeza maji hayo kwenye mashamba ya ndizi, mahindi na mboga.

Mifereji hii ndiyo humfaa mpanda baisikeli. Mfereji ukiteremka kwa ghafla, maji hukimbia na kumomonyoa kingo. Ukipanda, hayafiki shambani. Kwa hivyo mchimbaji huupa mteremko mdogo sana, akizunguka kilima badala ya kukikwea. Njia ya miguu inayopita kando yake, ambayo mkulima huitumia kukagua na kuzibua mfereji, huwa karibu tambarare. Magari nayo hayana nafasi ya kupita hapo.

Kanuni basi ni rahisi: penye migomba pana maji, penye maji pana mfereji, na penye mfereji aghalabu pana njia.

Baada ya hapo, kilichobaki ni kuuliza, nako kuuliza si ujinga. Mtu wa kwanza wa kuulizwa ni fundi wa baisikeli, kwa kuwa wateja wake huzipita njia hizo kila siku. Swali lenyewe liwe mahususi. Anayeuliza kama ni mbali huenda akajibiwa "hapo mbele tu", na hapo ni kilomita mbili au kumi. Ni afadhali kuuliza kama kuna daraja, kama baisikeli yenye mzigo hupita, na kama ndovu wameonekana karibuni.

Swali hilo la mwisho si la mzaha. Wakati wa kiangazi, ndovu hutoka mbugani kutafuta maji na chakula mashambani, hasa usiku. Safari ianze jua likiwa limechomoza na imalizike mapema kabla ya magharibi. Anayeona kinyesi kibichi au migomba iliyovunjwa upya ageuze baisikeli mara moja.

Kuna tahadhari nyingine. Ziwa Chala, lililo katika shimo la volkano kaskazini mwa mji wa Taveta, hupendeza machoni, lakini lina mamba na si mahali pa kuogelea. Vilevile, mpaka wa Kenya na Tanzania hupita katikati ya ziwa hilo. Anayetaka kuingia Tanzania apitie kituo cha pamoja cha Taveta na Holili, kilichozinduliwa mwaka wa 2016, wala si vichochoro.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huugeuza udongo wa tambarare kuwa matope yanayonata kwenye magurudumu. Katika kiangazi, adui ni miiba ya migunga. Tyubu ya akiba, viraka na pampu ni vifaa vya lazima.

Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za soko mjini Taveta, njia hizi si tulivu tena. Ndizi husafirishwa kwa kila chombo, ikiwemo baisikeli aina ya Black Mamba iliyosheheni mikungu. Baisikeli hiyo ikishapata mwendo, si rahisi kuisimamisha. Anayetembea kwa starehe ndiye apaswaye kushuka na kupisha, kwa sababu mkungu ukianguka na kupondeka, bei yake sokoni huporomoka.

Adabu hiyo ina faida kwa mgeni mwenyewe. Nyingi ya njia hizi hazimo katika ramani, na hudumu kwa sababu wenye mashamba huruhusu watu kupita. Gurudumu likibomoa ukingo, maji humwagika njiani na shamba lililo mbele hukosa zamu yake. Mkulima aliyepoteza maji kwa njia hiyo ana kila sababu ya kuweka miiba, na mgeni ajaye atakuta njia imefungwa.